Mlipuko Usiofika Baharini

Ukiingia ofisi kuu ya kisiwa chetu, kabla hujamwona karani, kabla hujaona hata benchi la kukalia, utaona ukuta. Umepakwa rangi nyeupe, na juu yake imeandikwa kwa rangi nyekundu milipuko saba ya mlima wetu, kila mmoja na mwaka wake, jina lake, njia yake na koo zilizounguliwa. Choo cha ofisi hiyo huu ni mwaka wa tatu hakina mlango. Ukuta hupakwa rangi upya kila mwaka.

Mgeni akisoma hudhani ni historia. Si historia. Ni orodha ya waungwana.

Hapa kwetu kuunguliwa ni cheo. Mtu ambaye babu wa babu yake alimezewa nyumba na Mlipuko wa Pili haanzi kumsalimia mtu wa Mlipuko wa Sita, anasubiri asalimiwe. Posa ikija, swali la kwanza si kijana anafanya kazi gani. Ni "Wa ngapi hao?" Na mahali palipoandikwa ukutani hapajengwi nyumba ya kulala. Pana heshima yake. Hiyo ndiyo akili pekee niliyowahi kuiona katika jambo zima, na waliipata kwa bahati.

Sharti la kuingia ukutani ni moja: moto lazima uwe umefika baharini. "Mlima haujasema mpaka bahari ijibu," watu husema, macho wameyafumba nusu kana kwamba wametunga wao. Kuna mwaka mlima ulimwaga majivu miezi minne mfululizo, mazao yakafa shambani, watoto wakazikwa wawili wawili. Lakini moto uliganda katikati ya mteremko. Basi haukuwa mlipuko. Lilikuwa "vumbi". Ukuta hauandiki vumbi.

Mlipuko wa Saba niliuona kwa macho yangu nikiwa darasa la nne. Ulikuwa mwembamba na mvivu, ukitambaa kama kobe, na ulielekea baharini kupitia mashamba matupu. Baba mkwe wangu, ambaye wakati huo hakuwa na habari na mimi wala mimi naye, aliona bahati inampita hivi hivi. Yeye na ndugu zake wakang'oa banda lao la kuku, wakalibeba mita mia mbili, wakalisimika kwenye njia ya moto, kisha wakakaa pembeni kulia. Jina lao liko ukutani. Kuku waliwatoa kwanza. Walikuwa wajinga, lakini si kiasi hicho.

Sisi, upande wa mama yangu, hatumo ukutani. Sisi tuna jina letu jingine. Tunaitwa Wasinziaji.

Miaka tisini iliyopita ukoo wetu uliishi Bakuli, bonde dogo la mviringo chini ya mlima, lililokingwa upepo pande zote isipokuwa upenyo mdogo wa kuelekea baharini. Asubuhi moja iliyotulia, watu thelathini na mmoja hawakuamka. Hakukuwa na moto, wala moshi, wala jeraha. Mbuzi walikuwa wamelala zizini kama walivyolala jana yake, mbwa amejikunja mlangoni. Bibi yangu alikuwa na miaka saba. Aliamka mzima kwa sababu jana yake alivunja mtungi, akaadhibiwa kulala darini na magunia. Alipoteremka ngazi kichwa kikamzunguka, akapanda tena. Akakaa huko juu na kuku wawili waliokuwa wamelala kwenye boriti, hai wote watatu, mpaka jua lilipopanda na upepo ukaanza.

Mtu mwenye akili angejiuliza: mbona wa juu wamepona? Kisiwa chetu hakikujiuliza. Kilisema watu wa Bakuli walizoea kulala mno, na safari hii walipitiliza. Mpaka leo mtoto wetu akipiga mwayo darasani wenzake wanapiga kelele: "Mwamsheni huyo kabla hajawa wa thelathini na mbili!"

Jibu nililipata chuoni ng'ambo, wiki ya sita ya mwaka wa kwanza. Mlima hutoa hewa nzito, haina rangi, haina harufu. Huteremka kama maji na kutuama mabondeni pasipo na upepo. Aliye juu anapona, aliye chini anakosa pumzi usingizini. Mkufunzi alikuwa akichora bonde ubaoni, mimi namwona bibi yangu na kuku wake. Akasimama akaniuliza kama naumwa.

Nilirudi na stashahada yangu, nikaajiriwa kituo cha kupima mlima. Kituo kina watu wawili. Mimi napanda mlima na Meneja anapanda cheo.

Basi mwaka jana ikaamuliwa shule ya wasichana ijengewe bweni. Jambo jema kabisa. Shule iko upande wa pili wa kisiwa, na wasichana walikuwa wakipanga vyumba kwa watu ambao mimi nisingewapangishia hata paka. Kamati ikatafuta kiwanja tambarare, karibu na maji, kisichopigwa na upepo. Wakachagua Bakuli.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu Majivu. Ndiye mwenye ukuta; miaka thelathini brashi haijatoka mkononi mwake. Babu yake mzaa baba aliunguliwa na Mlipuko wa Tano, na yeye hawezi kuagiza chai bila kukutajia. Mkandarasi alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, jina la kazi Saruji. Kampuni yake inaitwa Saba Ujenzi, kwa heshima ya banda la kuku. Lori lake limechorwa namba saba kubwa kila mlango.

Na kitinda mimba wangu alikuwa amefaulu kwenda shule hiyo hiyo. Barua ilikuja na orodha ya vitu: ndoo, shuka mbili, kufuli. Bwenini lazima, hakuna kutwa.

Nilichukua kipimo changu cha hewa, nikaenda Bakuli siku tano mfululizo, saa kumi na mbili asubuhi. Kuta zilikuwa zimesimama, bati limepigwa. Kipimo kikiwa usawa wa kifua, hakuna cha kutisha. Usawa wa goti, hewa nzito asilimia tano. Sakafuni, kumi na mbili. Nilipoinama kusoma, kichwa kiligonga kama ngoma. Niliandika ripoti ya kurasa nne, nikampelekea Meneja.

"Umepima saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri, pakiwa hakuna upepo."

"Sasa nani anakwenda kule saa hizo?"

"Bosi, ni bweni. Watakuwa wamelala humo."

Akakuna goti. Magoti yake yana cheti cha daktari. Ndiyo maana hajawahi kuuona mlima zaidi ya dirishani. "Lakini kihistoria," akasema, "Bakuli hapajawahi kutokea mlipuko. Nenda kaangalie ukuta."

Ana shahada mbili. Nilitoka kabla sijasema neno la kunikosesha mshahara.

Nikaenda kwa Saruji. Nilimkuta asubuhi mapema ndani ya bweni, amesimama katikati ya chumba kirefu, anafurahia kazi yake.

"Shemeji! Karibu. Umeleta chai?"

"Nimeleta mshumaa."

Nikauwasha, nikauteremsha polepole. Ulipofika karibu na sakafu ukazimika. Akacheka, akauchukua, akauwasha yeye, akauteremsha. Ukazimika. Mara ya tatu akawasha kiberiti kule kule chini, hakikushika.

"Kiberiti hiki kibovu," akasema.

"Inua."

Akainua usawa wa kifua, kikawaka. Akashusha, kikafa. Akakiangalia kama kimemtukana.

"Mshumaa huu hautaki sakafu," akasema.

"Na mtoto wa kaka yako je? Yeye ataitaka?"

Akafikiri. Saruji akifikiri unaweza kumwona. Mdomo unabaki wazi. "Nitaweka vitanda vya deka."

"Na wa chini?"

"Wa chini watapokezana na wa juu. Zamu."

"Zamu ya kufa?"

"Sasa Shemeji, wewe nawe! Mimi nilipewa ramani. Ramani haina mshumaa." Kisha akashusha sauti, akawa mtu mwema. "Sikiliza. Kama una wasiwasi, mtoe wako. Mtafutie chumba nje, mimi nitazungumza na Mkuu wa shule. Hao wengine wana mama zao."

Alisema hivyo akiamini amenisaidia. Wasichana themanini, na yeye amewagawa kama matofali.

Kamati ilikutana Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisini kwa Mkuu wa shule. Nilisoma ripoti yangu. Nilieleza hewa nzito kwa lugha ambayo hata Meneja, aliyekuwa amekaa mwisho akichezea kalamu, angeielewa. Nikasema habari za watu thelathini na mmoja. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipotaja Bakuli ya zamani, mjumbe mmoja alipiga mwayo wa makusudi, mkubwa, mpaka meno ya dhahabu yakaonekana, na chumba kizima kikacheka.

Mwalimu Majivu akainua mkono. "Tusimcheke mama. Anazungumza kwa uchungu wa ukoo. Lakini ndugu wajumbe, historia ni sayansi. Milipuko ni saba. Njia zote saba zinajulikana. Hakuna hata mmoja uliopita Bakuli."

"Mwalimu, hii haipiti kama moto. Inatoka ardhini."

"Ilifika baharini?"

"Haihusiani na—"

"Nimeuliza, ilifika baharini?"

"Wanafunzi hawatalala baharini, Mwalimu."

"Basi twendeni tukaone kwa macho," akasema, akijua vizuri ni saa ngapi.

Tukaenda wote. Ilikuwa saa sita mchana, upepo unaingia kwa upenyo wa bahari, milango yote imefunguliwa, mafundi wanapita na toroli. Nilijua kitakachotokea, na nilisema kabla hakijatokea: saa hizi hakuna kitu, njooni alfajiri. Hawakutaka alfajiri. Walitaka kipimo kiwekwe sakafuni mbele yao, kikawekwa, kikaonyesha hewa safi kama ya Meneja ofisini kwake. Saruji akachukua ule mshumaa wangu, akauwasha, akausimamisha sakafuni. Ukawaka wima, bila hata kuyumba.

"Umepona!" akasema mwenye meno ya dhahabu.

"Ndugu wajumbe," akasema Mwalimu Majivu, "Msinziaji ameota ndoto."

Walicheka mpaka garini. Meneja alicheka kwa sauti kuliko wote. Mtu asiye na uti wa mgongo hucheka kwa mwili mzima.

Mkuu wa shule alibaki nyuma. Ni mwanamke wa kiasi, ana mikono safi na woga mwingi. "Mama," akaniambia, "mimi mikono yangu imefungwa. Wanahamia Jumatatu. Lakini binti yako nimempangia kitanda cha juu. Karibu na dirisha."

Niseme ukweli. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili nilikiona kitanda kile, mwanangu juu yake, salama, na nikaona ningeweza kwenda nyumbani kupumzika. Kisha nikajichukia kidogo, nikamshukuru, nikaondoka.

Nyumbani binti alikuwa anapanga sanduku. Baba yake, mtu mzuri anayeogopa ndugu zake, alikuwa amejificha nyuma ya nyumba akitengeneza baiskeli isiyo mbovu.

"Mama, kweli umewasha mishumaa mbele ya kamati? Habari imefika hapa kabla yako."

"Imefika. Wewe utalala juu."

"Na chini yangu nani?"

"Sijui. Mtu."

"Ni rafiki yangu, yule tuliyekaa naye dawati moja. Tumeshapangwa." Akakunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. Nimemzaa mimi, hapigi kelele, anafikiri kwa mikono. "Basi atapanda tulale wote juu."

"Kitanda kitavunjika."

"Si kimetengenezwa na baba mdogo? Kitavunjika hata nikilala peke yangu."

Nilicheka. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Nilikuwa nimepeleka ukweli kwa watu hawa kwa kipimo, kwa karatasi na kwa moto. Hawakuutaka. Sasa nijiulize wanataka nini. Halikuwa swali gumu. Limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu.

Na hapo nikakumbuka jambo ambalo mama yangu alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunapepeta, akaniambia nisilirudie.

Kesho yake, saa kumi alasiri, nilibisha hodi kwa Mwalimu Majivu. Sebule yake ina mawe meusi ya mlima juu ya kila meza, kila jiwe limekalia kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Akanionyesha kiti kifupi. Nikakaa kwenye kirefu.

"Mwalimu, mama yako mzazi alizaliwa wapi?"

"Bandarini. Kila mtu anajua."

"Alilelewa bandarini. Nimeuliza alizaliwa wapi."

Jikoni mke wake alikuwa anakoroga kitu. Kijiko kikasimama.

"Alizaliwa Bakuli," nikasema. "Alikuwa na miezi mitatu. Maziwa ya mama yake yalikauka, akapelekwa bandarini kwa mama mdogo aliyekuwa ananyonyesha. Wiki mbili baadaye mama yake hakuamka. Mama yake huyo ni dada wa tumbo moja na mama wa bibi yangu. Ndiyo kusema wewe na mama yangu ni ndugu. Shikamoo, Mjomba."

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje? Msinziaji mwenzangu?"

Akatazama mlango wa jikoni, akatazama mawe yake. Kwa mara ya kwanza niliona ni mzee. "Unataka nini?"

"Bweni lisilaliwe."

"Siwezi. Nimeshasema mbele ya watu. Nitaonekana nini?"

"Una njia mbili, Mjomba. Ya kwanza, Jumatatu nisimame mbele ya wazazi wote, niwaeleze mwenye brashi ni wa ukoo gani kwa mama. Wazazi watapiga miayo mpaka taya zitoke."

"Na ya pili?"

"Ya pili, bibi yako hakusinzia. Hakuwa mvivu, hakupitiliza. Mlima ulimuua. Ulikuwa mlipuko."

Nilidhani atanifukuza. Hakunifukuza. Vidole vyake vikaanza kugonga jiwe, na ninaapa nilimwona akianza kupiga hesabu.

"Haukufika baharini," akasema, lakini safari hii hakusema kama hakimu. Alisema kama mtu anayeomba apingwe.

"Hewa nzito inateremka kama maji. Bakuli ina upenyo upande wa bahari. Likijaa, linamwagika. Na chini ya upenyo pana nini?"

"Bahari," akanong'ona.

"Iko kwenye ripoti yangu, ukurasa wa tatu. Na ni kweli. Kama mngesoma."

"Kwa hiyo bahari ilijibu." Akafumba macho nusu. Nikajua nimempata. Nikaendelea kumvika kilemba cha ukoka, duru baada ya duru.

"Kisiwa kizima hakuna mtu mwenye milipuko miwili, Mjomba. Wewe ni wa Tano kwa baba. Kwa mama utakuwa..."

"Wa Nane."

"Hapana. Fuata miaka. Unaingia baada ya wa Sita. Wewe ni wa Tano na wa Saba."

"Wa Saba upo tayari."

"Upo. Utasogea, uwe wa Nane."

Ilichukua muda kidogo kumfikia. Kisha uso wake ukafunguka, na akatabasamu tabasamu la mtoto aliyeona mwenzake ameangusha peremende.

"Banda la kuku litasogea," akasema.

"Litasogea."

Kumbe miaka thelathini lile banda lilikuwa linamkera moyoni. Aliliandika kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu sheria ni sheria, moto ulifika baharini, lakini kila mwaka akilipaka rangi upya alikuwa anameza nyongo. Kijiko kikaanza tena kukoroga jikoni, haraka haraka, na mke wake akapaza sauti: "Mpe mpwa wako chai!"

Jumapili aliita mkutano wa ghafla. Nilikaa nyuma. Alizungumza saa nzima, akalia mara mbili, mara ya pili kwa kweli. Alisema historia imemwamsha alfajiri. Alisema mlima una njia nyingi za kusema, na masikio yetu yalikuwa mazito. Alisema "hewa nzito" mara kumi na moja, kana kwamba ameivumbua akinyoa ndevu. Alisema mahali pale ni pa heshima, pamekwisha ingia ukutani, na ukutani hapalaliwi. Hakunitaja. Sikutaka anitaje, nilitaka afike kwenye neno bweni, na alipofika, likafa bila kura.

Aliyesimama kupinga ni Saruji peke yake. "Sisi ni wa Saba!" alipiga kelele. "Nina lori! Nina kofia za mafundi! Baba yangu aliunguliwa!"

"Baba yako aliunguliwa banda," akasema Mwalimu Majivu kwa upole mkubwa. "Na sasa ni la Nane. Kaa chini."

Jengo limekuwa ukumbi wa kumbukumbu. Hufunguliwa saa nne, likishapigwa upepo, hufungwa saa kumi. Wasichana walipewa madarasa mawili ya juu kilimani, magodoro sakafuni, foleni ya bafu mpaka uwanjani, mpaka bweni lingine lijengwe mahali panapovuma. Mkandarasi ni mwingine. Wazazi walilalamika kwamba ni pabaya, na kweli ni pabaya. Lakini wanaolala pale wanapumua.

Nanyi mnadhani kisiwa kilijifunza. Ndani ya wiki mbili nusu ya watu walikuwa na bibi aliyefia Bakuli. Marehemu wetu thelathini na mmoja wana wajukuu elfu. Mwenye meno ya dhahabu amekumbuka wawili. Meneja ameandika makala kwamba kituo, chini ya uongozi wake, kilikuwa na shaka na Bakuli tangu zamani; ameambatisha ripoti yangu, jina langu limekuwa "wasaidizi". Ukutani, chini ya Mlipuko wa Saba, zimeandikwa koo kumi na nne. Wetu haumo. Nilimwuliza Mjomba. Akasema nafasi iliisha, wakipaka rangi mwakani ataona.

"Hujakasirika?" mume wangu akaniuliza.

"Na nani? Na ukuta?"

Mama yangu ndiye aliyekasirika, siku moja nzima. Kisha akapita mbele ya lori la Saruji, akaona alivyojaribu kuigeuza saba iwe nane kwa brashi ya sakafu, ikatoka kama mtu aliyekaa juu ya ndoo. Akarudi amepoa.

Mimi bado nakwenda Bakuli kila wiki, saa kumi na mbili asubuhi. Nafungua mlango wa pembeni, nateremsha kipimo kwa kamba bila kuingia. Wiki iliyopita sakafuni kilisoma asilimia kumi na tatu. Katikati ya ukumbi kuna picha kubwa ya Mwalimu Majivu akiwa ameshika jiwe. Hewa ilikuwa imemfika kiunoni.

Nikitoka huko hupitia kilimani. Wiki iliyopita kengele ilikuwa bado. Mlezi wa wasichana, mama mnene mwenye tochi shingoni, alinifungulia mlango wa darasa kidogo nichungulie. Walikuwa wamejipanga kama samaki kwenye kopo, miguu ya huyu usoni kwa yule. Wangu alikuwa ukutani, mdomo wazi, anakoroma mbele ya watu bila aibu, rafiki yake amemlalia mkono.

"Nimwamshe, msalimiane?" akanong'ona yule mama.

"Mwache," nikasema. "Ana ruhusa ya ukoo."